Zamu

Miaka thelathini natengeneza mashine za kumenya kahawa,
Kibosho, Uru, hadi Machame nikiitwa,
kwa hiyo hii ya hospitali hapa Moshi
niliikagua kabla haijanikagua:
bakuli la kuzunguka, mirija mitatu,
pampu inayotafuna taratibu kama ng'ombe aliyeshiba.
"Umeme ukikatika?"
"Ina betri," akasema Muuguzi Mchomvu. "Haya, fomu."

Miwani niliisahau. Akanisomea, hakuruka neno:
midomo itachonyota, vidole vitakufa ganzi,
maana dawa ya kuzuia damu isigande
inaikamata chokaa ya mwilini na kwenda nayo;
unaweza kuzimia; mkono unaweza kuvilia;
upovu wa hewa, nadra, lakini nimeutaja;
vijidudu, nadra, lakini nimevitaja.
"Bado unataka?"
Nikatazama kovu kiganjani, la mkanda wa mashine ya Uru.
Siku ile hakuna aliyenisomea kitu.
Nikatia saini.

Damu ikatoka, nyeusi kuliko nilivyodhani,
ikaingia bakulini, ikazungushwa,
na hapo sikuhitaji mwalimu:
kizito hukimbilia ukutani, chepesi hubaki ndani,
na baina yao utando, mwembamba kama ngozi ya maziwa.
Ndio huo wanaoutaka.
Nyekundu ikanirudia imepoa,
nikaihisi ikipanda kiwiko
kama maji ya mfongo asubuhi ya Julai.
Kifukoni zikabaki chembe sahani,
rangi ya mbege iliyochujwa mara mbili,
vitu vidogo vya kuziba palipotoboka.
Mafundi wenzangu, nikaziita kimoyomoyo.

Dakika ya arobaini midomo ikaanza,
kama mtoto aliyelamba betri ya redio.
Nikanyamaza. Kiburi cha fundi.
Kisha kidole gumba kikajikunja chenyewe,
na Mchomvu akawa ameshaniona usoni.
Akapunguza mwendo, akanipa vidonge vya kutafuna.
"Usinyamaze tena. Wanaonyamaza ndio wanaonipa kazi."

Kitanda cha pili alilala mwalimu wa Himo.
Kinga yake imemgeuka, inatafuna neva zake,
basi wanamtoa utegili wake, wanautupa,
wanamtilia mwingine. Mara ya nne leo.
Bakuli ni lile lile:
kwangu linachota kizuri, kwake linachota kibaya.
Wiki iliyopita hakuweza kushika kijiko.
Akanyanyua mkono, akakunja ngumi, nusu tu,
akanionyesha kama mtu aliyeokota sarafu.

Chembe zangu zinapanda ghorofa ya tatu,
kwa Aikande, miaka sita, saratani ya damu.
Dawa iliyoua ubaya imeua na mafundi.
Fizi zinavuja. Mswaki amekatazwa.
Baba yake ni Mamuya.
Mamuya yule wa mfongo,
aliyefungua lango usiku, zamu yangu, mwaka wa ukame,
migomba yangu ikakunja majani kama miavuli.
Miaka kumi na mmoja hatusalimiani;
hata misibani mmoja hukaa upande wa jikoni.
Mke wangu aliniuliza asubuhi, una hakika?
Nikamwambia, aliyefungua lango si mtoto.

Siku tano tu zinaishi, alisema Mchomvu,
juu ya sinia linalozitikisa mchana na usiku zisigandamane.
Zikiisha, atafutwe mtu mwingine.
Au mimi tena, wiki mbili zijazo,
nikiwa nimekula vizuri na kuacha kiburi nyumbani.

Nilikutana na Mamuya ngazini, ana chupa ya chai.
Akatazama bandeji. Akatazama viatu vyangu.
Asante hakusema, nami sikuingoja.
"Lango la juu," akasema, "limeoza. Linahitaji fundi."

Nikamuuliza limeoza upande gani.